Akamwani kwa Mama Rehema

Harufu ya iliki ndiyo iliyotuamsha. Kijijini kwetu Izimbya tulizijua harufu zote: udongo wa kibanja cha migomba baada ya mvua, ndizi zinazochemka chini ya majani ya mgomba, senene, wale panzi wetu, wanaokaangwa kwa kitunguu mwisho wa mwaka. Hii ya iliki, mdalasini na nyama ilikuwa ngeni, na ilitoka kwa wageni. Mwaka ule tuliletewa mganga mpya wa zahanati, mtu wa Tanga, akaja na mkewe Mama Rehema na binti yao Rehema, mwenye miaka tisa kama mimi. Walipanga nyumba iliyopakana na kibanja cha bibi yangu, ambaye ndiye aliyenilea. Idd ya mwaka huo ilianguka mwanzoni mwa Desemba, na sisi Wakristo wa upande ule wa kijiji, ambao Idd tulikuwa tukiisikia tu kwenye redio, safari hii tuliisikia kwa pua.

Kabla ya saa sita Rehema akaja na sahani kubwa iliyofunikwa kwa kawa. Pilau! Pembeni palikuwa na visheti vinavyong'aa kwa sukari. Bibi yangu hakuwa mtu wa kusifu sifu watu, lakini alikula mpaka akalegeza mkanda wa gauni. "Waitu, hawa watu mchele wanaujua," akasema. Mimi nilikuwa nimeshampata rafiki tangu Oktoba. Rehema alinifundisha mchezo wa kokoto wa kwao, nami nikamfundisha kumshika senene bila kuumwa kidole, ingawa kumla alikataa katakata. Sikuwa na ndugu wa kucheza naye pale nyumbani. Mpaka alipokuja Rehema sikujua kwamba nilikuwa mpweke. Nilidhani ndivyo watoto wote wanavyoishi.

Chombo cha jirani hakirudi kitupu, hilo kila mtu analijua. Siku ya tatu baada ya Idd, bibi akaiosha ile sahani, akaitia akamwani, zile punje za kahawa zinazochemshwa na majani ya porini kisha kuanikwa, ambazo Mhaya humpa mgeni atafune. Kwetu akamwani si kitafunwa cha kupoteza muda. Anayetoa hutafuna ya kwanza, mgeni aone kwamba haina kitu, kisha mgeni naye hutafuna palepale. Akitafuna, mmekuwa watu wa nyumba moja. Akikataa, amekwambia kwamba hauamini mkono wako. Bibi alikuwa na goti bovu, akanituma mimi. "Utafune moja mbele yake. Umwambie imetoka kwangu."

Nilimkuta Mama Rehema amekaa mkekani akichambua mchele. Nikampigia magoti, nikatafuna yangu moja, kwa madaha, kama mtu mzima. Akaipokea sahani kwa mikono miwili. "Ahsante sana, mwanangu. Mwambie bibi leo nimefunga, nimeanza zile siku sita. Nitaitafuna magharibi nikifuturu. Usisahau kumwambia hivyo, eti?" Nikaitikia. Lakini nilipotoka tu nikasikia watoto wanapiga kelele upande wa shule: senene wameanguka! Nani angetembea? Nilikimbia nikaokota senene mpaka gauni likajaa, na nilipofika nyumbani mchana ujumbe wa Mama Rehema ulikuwa umebaki nusu kichwani.

"Ametafuna?" bibi akauliza. Tulikuwa tumekaa jikoni tunanyonyoa senene mabawa.

"Hakutafuna. Amesema amefunga."

Bibi akaacha kunyonyoa. "Amefunga nini? Pilau la Idd si tumelila juzi?" Habari ya siku sita sikuwa nimeielewa hata nilipoambiwa, na ya magharibi ilikuwa imeniponyoka. Bibi akasema polepole kwamba yule mwanamke ameogopa sumu. Mawe! akamaka kwa Kihaya. Yeye, aliyezalisha nusu ya kijiji kwa mikono ile ile, leo anadhaniwa mchawi na mtu aliyefika juzi. Hapo ndipo neno magharibi likanirudia. Nikaliona kabisa, likiwa limekaa pale kwenye ncha ya ulimi. Lakini bibi alikuwa amekasirika, na kumwambia kwamba nilisahau kwa ajili ya senene kungeniletea fimbo. Nikalimeza. Wanasema mjumbe hauawi, lakini mjumbe huyo ni yule aliyefikisha ujumbe mzima.

Tangu siku ile nikakatazwa kuvuka mpaka. Rehema alikuja kuniita mara mbili, tatu, nami nikajificha nyuma ya pipa la maji, nikimsikia anavyoliita jina langu mpaka sauti inaanza kuona haya. Nililia, sitaki kuongopa. Nililia kwa sababu nilimtaka rafiki yangu, na pia kwa sababu nilijua aliyemfukuza ni mimi.

Siku ya nne uzalendo ukanishinda, nikaenda kuchungulia kutoka kwenye migomba. Nilitaka kuona kama kweli mtu anaweza kufunga baada ya Idd. Mchana Mama Rehema akawapakulia watu wake, yeye hakugusa. Jioni nikarudi tena. Jua lilipozama akanywa maji, akala tende, kisha akainua bakuli dogo, akatoa punje moja ya akamwani ya bibi, akaitafuna. Uso ukakunjamana kwa uchungu wake, si mnajua mtu wa pwani na vitu vitamu, lakini akaitafuna mpaka mwisho, akachukua ya pili. Hapakuwa na mtu wa kumwona. Nilipiga mbio hadi nyumbani, nikamweleza bibi nilichokiona. Ujumbe niliousahau sikuutaja.

Asubuhi bibi akachukua fimbo yake, akajikokota na goti lake mpaka kwa jirani, mimi nyuma. Akauliza bila kuzunguka, akaelezwa: baada ya Ramadhani kuna siku sita nyingine, atakaye hufunga. Nikasimama pale nikingoja Mama Rehema aseme, "Mbona nilimwambia mtoto?" Akanitazama. Akanitazama sana. Kisha akamgeukia bibi: "Kosa ni langu, mama yangu. Ningekuja mwenyewe kukueleza." Bibi naye akasema hapana, kosa ni lake, mtu mzima hahukumu kwa kuletewa habari. Watu wazima wawili waligombania kosa la mtoto, na mtoto mwenyewe kimya.

Mkesha wa Krismasi bibi akamfunga miguu jogoo wake mkubwa, akanikabidhi. Kila mwaka mjomba ndiye aliyekuwa akichinja. "Mpeleke kwa baba yake Rehema amchinje yeye," akasema, "kesho wote wale bila wasiwasi." Krismasi ile Mama Rehema alishinda jikoni kwetu akijifunza kufunika ndizi kwa majani, na Rehema akala senene mmoja akiwa amefumba macho. Bibi alikufa baadaye sana, bila mimi kumwambia ukweli.

Nilimwambia Mama Rehema, kwa simu, Idd iliyopita. Yuko Tanga, mzee sasa. Akacheka. "Mwanangu, nilijua siku ile ile. Ulikuwa na miaka tisa, na senene walikuwa wameanguka. Ningekusemea kwa bibi yako ili nipate nini?" Nilikata simu nikakaa kitako hapa mjini Bukoba, ndani ya geti langu. Jirani wa kulia ni Mnyakyusa, wa kushoto wametoka Unguja mwaka jana, na sikukuu zote tunatumiana picha za maua kwenye simu. Zinafika haraka, wala hazipotezi hata herufi. Binti yangu ana miaka tisa. Hajawahi kusahau ujumbe wa mtu yeyote, kwa sababu sijawahi kumtuma kwa jirani.