Nimeuliza kama ni nzima, nikajibiwa ni mpya

Baiskeli yangu mpya imedumu kutoka Kariakoo hadi Mnazi Mmoja.

Ameilipia binti yangu leo asubuhi, kwa sharti moja: ile ya zamani, niliyoipata kwa kibali enzi za Ujamaa, ichukuliwe na mnunuzi wa vyuma chakavu leo saa kumi.

Nikakubali. Kosa langu.

Katikati ya barabara usukani ukageuka kushoto, gurudumu likaendelea mbele. Lori la bandarini likafunga breki nyuma yangu.

"Mzee, shuka utembee, tukuheshimu," akasema dereva.

Nikaiburuta hadi dukani.

"Shikamoo, mzee wangu," akasema muuzaji.

Sikuitikia. (Mnaonijua mtaelewa kiwango cha hasira.)

"Asubuhi nilikuuliza kama baiskeli hii ni nzima. Ukanijibu kuwa ni mpya."

"Kwani si mpya?"

"Mpya ni ya leo. Nzima ni ya kufika."

Akacheka. "Mzee, baiskeli kama hii si ya kuendesha sana."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Baiskeli. Si ya kuendesha sana. Mwenye kujua ni ya kufanyia nini, anieleze hapa chini.

Nikamwachia takataka yake mlangoni, nikaenda nyumbani kwa miguu, mbio za mtu wa umri wangu.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amefika. Mkokoteni wake ulikuwa mtupu. Yeye alikuwa akiizunguka nyumba juu ya baiskeli yangu, akipiga kengele.

"Shikamoo, mzee. Hii siipeleki kwenye mizani. Naichukua mwenyewe."

"Marahaba," nikamwitikia. "Shuka."