Mahari Kidogo Tu

Mume wangu alistaafu siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi, kabla hata chai haijachemka, alikuwa ameshaniletea bahari mezani.

"Mwalimu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu tuoane, "sasa tuende kwetu."

Kwetu! Mtu kazaliwa Rwezamenyo, hapa hapa Kigali, kakulia Rwezamenyo, kaendesha magari ya wakubwa wa Nyarutarama miaka thelathini na kila jioni akarudi kulala Rwezamenyo, leo ana kwao kwingine. Kwao kisiwani, eti kwa sababu babu yake alitoka huko na mzigo wa vitambaa akaja Kigali, akaoa, akabaki. Nikamwambia babu huyo angekuwa anapapenda sana huko kwao, angerudi mwenyewe. Akanywa chai yake kana kwamba sijasema kitu.

Mpango wake ulikuwa tuuze nyumba tukazeekee huko. Sasa mimi nilizaliwa Tabora kwa wazazi wakimbizi. Nimefungasha vyombo maishani mwangu hadi nimechoka, na nyumba ile ya Rwezamenyo, yenye mparachichi nilioupanda kwa mkono wangu, nilikuwa nimeapa ndiyo ya mwisho. Tukabishana wiki nzima, mwishowe tukaafikiana: tutakwenda kiangazi kimoja. Wazee wa ukoo wake wakimpa mahali pa kujenga, tunahama. Wasipompa, tunarudi, na bahari haitatajwa tena nyumbani mwangu.

Hapa sina budi kueleza kazi yangu. Nimefundisha Kiswahili shule za Kigali miaka ishirini na minane, na karibu yote hiyo niliitumia kutenganisha l na r. Kwetu herufi hizo mbili zinalala kitanda kimoja. Watoto wetu wanakwenda kupiga kula, wakirudi wanataka kura ugali. Mume wangu ndiye mwanafunzi aliyenishinda kabisa. Anasema balabala, anasema chakura, na kila kitu kwake iko: mama iko, mvua iko, njaa iko. Nilimsahihisha mezani, nilimsahihisha mbele ya wageni, nilimsahihisha hata msibani, mtu analia. Sikuwahi kuliacha neno lake likapita. Naomba hilo likumbukwe.

Basi tukaenda. Tukafikia kwa dada yake wa ukoo, mjane mwenye moyo mzuri na feni moja.

Watu wasidanganyike, kustaafu kisiwani wakati wa joto ni ajira kamili. Wastaafu wa pale, aliyekuwa mwalimu mkuu, aliyekuwa karani wa bandari, aliyekuwa mpishi wa meli, wanaamka alfajiri kuwahi kivuli. Asubuhi kivuli kiko magharibi ya nyumba ya mzee wa ukoo, kwa hiyo wanakaa kwenye baraza ya huko na kahawa yao. Saa sita kivuli kinakwisha, wanakwenda kulala. Alasiri kinatokea upande wa pili, nao wanatokea kwenye baraza ya upande wa pili. Wanazungumza joto la leo, joto la jana, na lile joto la walipokuwa vijana, ambalo bila shaka ndilo lililokuwa joto lenyewe. Ufukweni nako kuna wastaafu wa Kizungu waliosafiri kutoka mbali kulifuata jua ambalo wenyeji wanalikimbia, wamelala kwenye mchanga wameiva. Wote wanasema wanapumzika. Mimi nilikuwa natoka jasho hadi kwenye kope.

Mume wangu alihitimu kazi hiyo ya vivuli kwa siku tatu. Ila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikafika, na Kigali ikamtoka mwilini. Kwetu siku hiyo kila mtu anatoka kwenda kwenye umuganda, kusafisha mtaa. Basi bwana akaamka, akaazima jembe, akazibua mtaro wote wa kichochoro peke yake, huku akitazama huku na huku kama anayewasubiri wenzake. Watu walimwangalia madirishani. Mchana wifi yangu akaniuliza kwa upole kama kaka yake ana nadhiri anayoitimiza.

Walimcheka, walimwigiza ile iko yake, na walimpenda. Hilo ndilo lililoniudhi. Jioni wakawa wanamwachia nafasi barazani, pembeni mwa mzee wa ukoo, na asipofika wanatuma mtu kumwita. Nikaogopa. Nikawa nauona mparachichi wangu na mtu mwingine yuko chini yake.

Ombi lenyewe hakuwa amelitaja. Alisema jambo kama hilo lina adabu yake, huliropoki ukiwa mgeni wa juzi. Mwezi wetu wa pili huko ulipoanza akavaa kanzu mpya, akaniomba nikae mlangoni nisikie, akawakabili wazee pale barazani baada ya sala ya alasiri.

"Wazee wangu," akasema, "mimi nilikuja kuomba mahari."

Mpishi wa meli akaweka kikombe chini.

"Mahari ya nani, mwanangu?" akauliza mzee wa ukoo.

"Ya mimi na mke wangu. Babu aliniambiaga huku kwenu iko. Hata kidogo tu, haina shida."

Nilielewa palepale, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Yeye alikuwa anaomba mahali. Wao, kwa kuwa kamtaja babu, walikuwa wamesikia kwamba mjukuu kasafiri siku tatu na mkewe kuja kudai mahari ya bibi yake, mwanamke aliyezikwa zamani Kigali, kana kwamba babu huyo alimwoa bure, kana kwamba watoto wake wote ni wa kuokota.

"Barua ya babu yako ilisomwa hapa hapa," akasema mzee wa ukoo. "Alioa kwa heshima, alitoa kila kitu. Usitufanyie hivyo."

"Lakini mzee, mimi naomba tu mahari..."

"Mwanangu, hapa hakuna mahari yako."

Akanyanyuka, akaingia ndani. Wengine wakatazama viatu vyao.

Mume wangu akageuka kunitafuta. Masikio yake ni sawa na ulimi wake, hayatenganishi l na r, na alichosikia ni kwamba hapa hakuna mahali pako. Alikuwa na uso wa mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Ilibaki mimi niseme neno moja. Herufi moja tu ingetosha, mimi niliyemkatiza kwenye misiba. Nikajifunika vizuri mtandio wangu, nikanyamaza.

Siku ya tatu yake tukaondoka. Kwenye gati wifi yangu akanivuta kando.

"Wifi, mimi sielewi," akasema. "Sisi tulijua amekuja kuomba kiwanja cha babu yake. Kipo, na kisima chake kipo, hajakigusa mtu. Wazee walikuwa wameshakubaliana kumpa. Sasa yeye anadai mahari, tena ya marehemu?"

"Ndivyo alivyo, wifi," nikamjibu. "Hashauriki."

Nikapanda boti. Niseme ukweli, nilipofika Rwezamenyo nililala usingizi mzito ajabu.

Sasa ni kiangazi chetu. Hakuna bahari, kuna vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye sukari. Mume wangu ametimiza ahadi, bahari haitaji. Asubuhi anatoa kigoda chake anakiweka magharibi ya nyumba. Saa sita anakirudisha ndani. Alasiri anakipeleka upande wa pili, anakaa peke yake, na ameacha nafasi pembeni yake, hivi, ya kumtosha mtu mmoja. Mimi napita na ufagio wangu na ushindi wangu, na aibu inanipanda hadi masikioni.

Wiki iliyopita nilimpelekea chai huko nje. Akaipokea, akaishika muda mrefu bila kunywa.

"Mwalimu," akasema, "siku ile kwa wazee. Niliongea vibaya?"

Nikamtazama. Kiwanja kipo, kisima kipo. Nyumba yangu nayo ipo, nyuma yangu, na mparachichi umezaa mwaka huu kuliko miaka yote.

"Hapana," nikasema. "Uliongea vizuri. Hukukosea hata neno."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu tuoane kukisifu Kiswahili chake, na alifurahi.