Mwalimu Mwenyewe Amefariki, na Mimi Bado Nipo

Habari za kifo chake nilizipata sokoni Jericho, Jumamosi asubuhi, mbele ya mafungu ya sukuma wiki. Mama anayeniuzia mboga, ambaye amenijua tangu nilipohamia mtaani nikiwa kijana mwenye nywele, alinitazama kwa huruma akasema, "Pole sana, mwalimu. Nimesikia mwalimu ametuacha." Nikamwuliza mwalimu yupi, maana kwa nilivyojua mimi, mwalimu wa mtaa huu ni mimi niliyesimama pale. Akashangaa kwamba nauliza. "Si yule wa historia? Yule mwalimu mwenyewe." Jamani! Nimefundisha historia miaka yote hii, nimewafundisha hata watoto wa mama huyo huyo, na bado mwalimu mwenyewe ni mtu mwingine. Nikachukua sukuma yangu nikaondoka bila hata kudai nyongeza.

Nitasema wazi, kwa kuwa wasomaji wa safu hii mnanijua kwamba sina siri: nilimwonea wivu mtu huyu alipokuwa hai, na kufa kwake hakujanipunguzia wivu huo hata kidogo. Tulisoma chuo kimoja cha ualimu, na katika mtihani wa mwisho mimi nilimpita. Yeye alitoka magharibi, mimi nikatoka mkoa wa kati, na tukajikuta tumepewa nyumba zinazotazamana, mlango kwa mlango, hata akikaanga samaki nanusa mimi. Hakuwa na majivuno, na hilo lilinikera zaidi, kwa sababu mtu akijivuna angalau unapata la kumsema.

Miaka hiyo ya sabini, likizo ya Agosti ilipofika, wanafunzi wa kidato cha nne wa hapa Jericho, na wengine waliotembea kutoka mtaa wa Huruma, walikuja kututafuta tuwasaidie historia. Mtihani ulipenda sana maswali ya mageuzi na maendeleo ya jamii: sheria za viwanda kule Uingereza, watoto kutolewa migodini, wafanyakazi kupunguziwa saa za kazi. Hebu fikiria kumweleza hayo mtoto ambaye hajawahi kuona mgodi. Mimi nilijitayarisha. Niliwahi ukumbi wa mtaa, nikatafuta ubao, nikachapisha noti za somo kwa stensili, sababu upande huu, matokeo upande ule. Yeye alichelewa, akakosa ukumbi, akakaa na wanafunzi wake nje, kwenye kibaraza cha nyuma, na baridi ya Agosti mnaijua. Haukupita muda wanafunzi wangu wakaanza kuomba ruhusa ya kwenda msalani wasirudi. Nikachungulia dirishani. Walikuwa kibarazani kwake, wamejikunyata ndani ya sweta zao, wanacheka. Sheria za viwanda zina kichekesho gani, nikajiuliza.

Njia yake ilikuwa hii. Hakutoa noti. Kila mageuzi yaliyotajwa kitabuni aliyawekea maswali yale yale: nani alidai, nani alikataa, na nani aliachwa nje? Kisha hakuna kujibu mpaka uwe umemwuliza mtu mzima wa kwenu. Mtoto wa fundi wa reli alitumwa kumwuliza babake king'ora cha karakana hulia saa ngapi jioni, na kabla ya king'ora hicho mambo yalikuwaje. Mtoto wa karani wa baraza la mji akaenda kuuliza kwa nini vyumba vya mitaa ya zamani vilijengwa vidogo namna ile, akaambiwa vilikusudiwa wanaume waliotakiwa kuja mjini bila wake zao. Nilimsikia kijana mmoja, aliyetumwa kwa mamake, akipinga kwa Kiswahili chao cha mtaani: "Mwalimu, kwani mathee yangu ako kwa silabasi?" Naye akamjibu bila kutabasamu, "Yuko. Enda umwulize." Baadaye baba zao wakaanza kuja wenyewe wakitoka zamu ya usiku, wanasimama na baiskeli kando ya kibaraza, wanasahihishana. "Sivyo, bwana, wa kwanza kugoma na kuweka vyombo chini tulikuwa sisi wa upande wa mabehewa!" Mimi ndani nilibaki na ubao wangu, na wanafunzi wachache walioogopa baridi, na mmoja wa uhakika katika mstari wa mbele: binti yangu.

Huyo niliapa sitampoteza. Ukumbi jirani yangu angeuchukua, na sifa za sokoni pia angechukua, potelea mbali. Lakini nilitaka siku moja, binti yangu akiwa mtu mzima, akiulizwa ni nani aliyemfundisha historia, ajibu bila kufikiri: baba. Kila asubuhi alikaa mbele yangu akiandika neno kwa neno. Alasiri, mimi nikishafunga ukumbi na kurudi nyumbani, alienda mazoezi ya kwaya, nami nikamshukuru Mungu kwa kunipa mtoto anayependa nyimbo za dini.

Mwisho wa likizo tukawapa mtihani mmoja wa majaribio, wake na wangu pamoja. Tulikubaliana waandike namba badala ya majina, na swali la sheria za viwanda nisahihishe mimi. Nililisahihisha kwa hamu, nikiwawinda wanafunzi wake. Nikafika kwenye karatasi iliyonipendeza sana: hoja zangu zote, kwa mpangilio wangu. Huyu wangu, nikajisemea. Kisha nikasoma aya ya mwisho. "Lakini sheria hizi ziliwaacha nje wanaofanya kazi nyumbani. Nilimwuliza mama yangu hutoka kazini saa ngapi. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanijibu. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwuliza." Mwandiko ule niliujua, kwa sababu aliyemwonyesha mwenye mwandiko jinsi ya kushika kalamu ni mimi. Kwaya! Kumbe kwaya yenyewe ilikuwa kibarazani.

Nikamfuata jirani yangu mlangoni pake, karatasi mkononi. "Ndiyo kusema sasa unawafundisha watoto kuanika habari za jiko langu kwenye mtihani?" Akaisoma taratibu, akairudia. "Hili halikutoka kwangu, jirani," akasema. "Niliwaambia wakamwulize mtu wa kwao anayefanya kazi. Kwa swali hili wenzake wote walikwenda kwa baba zao. Ni huyu tu aliyekwenda kwa mama." Kisha akaongeza, kwa ile sauti yake ya upole iliyokuwa ikinichemsha damu, "Mpe alama zake. Hoja zote zimo, na ni zako." Nikampa alama za hoja. Aya ile nikaiandikia kwa wino mwekundu "nje ya swali", na hata mkiniletea leo nitaandika hivyo hivyo. Ila tangu siku hiyo, mke wangu akicheka, nasikiliza kama ni kicheko kile. Tumeishi pamoja maisha mazima, na kicheko cha kumkalisha chini sijawahi kukisikia.

Mengi yamebadilika tangu wakati ule. Mtaala umepinduliwa, viwanda vya Uingereza vimepungua vitabuni, na watoto wanasoma zaidi habari za kwetu. Lakini bado tunapenda kusimuliwa maendeleo kama mzigo ulioletwa kwa gari na kukabidhiwa kwenye mkutano, nasi kazi yetu ni kupiga makofi na kurudi nyumbani. Marehemu hakuikubali hadithi hiyo. Aliwaonyesha watoto kwamba hata ile saa ya baba kufika nyumbani kuna mtu aliyeigombania, na kuna mwingine ambaye hakupata chochote ndani yake. Ni wazo zuri sana. Linaniuma kwa sababu halikuwa langu.

Jumapili, baada ya ibada, watu walikusanyika kumuaga kabla hajasafirishwa kwao. Walikusanyika wapi? Ndani ya ukumbi ule ule niliouwahi kabla yake. Nilikwenda na mke wangu. Binti yetu, ambaye sasa naye ni mwalimu wa historia huko Huruma, aliomba nafasi ya kusema. Nikakaa wima, nikanyoosha koti. "Noti nilipewa na baba yangu," akaanza, na watu wakanigeukia, nami nikatabasamu, "na nilifaulu kwa noti hizo. Lakini kuuliza nilifundishwa na mwalimu wangu huyu." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nami nikapiga. Ungenitaka nifanyeje? Likizo zote zile, stensili zote zile, na fungu langu ni nusu ya sentensi.

Tulipofika nyumbani, mke wangu alivua kitambaa chake cha kanisani, akaketi jikoni kuchambua sukuma. Nikasimama mlangoni kama mgeni. Swali nilikuwa nalo tangu ukumbini, nikaona heri nilitoe. "Mama," nikamwambia, "hivi wewe hutoka kazini saa ngapi?" Nikangoja kicheko. Haki ya nani, nilikingoja kama mtoto. Hakucheka, na kukaa chini alikuwa amekwisha kaa. "Hilo nilishaulizwa zamani, mwalimu," akasema, "na nikajibu." Kisha akanisogezea kisu na fungu moja. Nikaanza kukata, naye akaniambia mboga hazikatwi vipande vinene hivyo.

Basi, msomaji wangu, somo langu ni hili. Kama kuna mtu chini ya paa lako ambaye hujawahi kumwuliza lolote, mwulize leo, kabla jirani hajamtuma mtoto wako aje amwulize. Mimi nilichelewa, na marehemu ameondoka na jibu ambalo binti yangu alimpelekea kutoka jikoni kwangu.