Vestina, mpokea pole wa nyumba ya sanaa Kasulu

Saa mbili asubuhi, kabla vumbi la barabara ya Kibondo halijapanda, Vestina Ininahazwe anafungua kufuli mbili za nyumba ya sanaa iliyo nyuma ya soko la Kasulu. Anaacha kandambili mlangoni, anachukua ufagio na kuanza na chumba cha mbele, chenye michoro ukutani.

Chumba cha nyuma hakifagii. Anapita pembeni tu, taratibu, akiokota karatasi za pipi.

Katikati ya chumba hicho kuna mafiga matatu na majivu yaliyopoa. Kuyazunguka kuna vigoda saba vya mti ambavyo hakuna aliyevikalia. Basi. Majivu ni sehemu ya kazi ya msanii, na Vestina ameagizwa asiyaguse.

"Tangu nikiwa mtoto nimefundishwa kuzoa majivu asubuhi," anasema. "Sasa nalipwa ili niyaache."

Ana miaka hamsini na minne. Huzungumza kwa sauti ya chini. Kwa shilingi laki moja na themanini kwa mwezi, yeye ndiye anayefungua, anayesafisha na anayewaongoza wageni. Pia ndiye anayeieleza kamati ya nyumba hiyo wageni wanasema nini, kwa sababu wengi hawaandiki maoni. Wanamwambia yeye.

Na wanasema mengi. Mchoro unaozungumzwa zaidi ni wa ng'ombe wa bluu asiye na kichwa. Zuhra, fundi cherehani wa sokoni, ameshauona mara tatu na bado hajaridhika.

"Rangi nzuri, sikatai," anasema. "Ila maziwa ya huyo ng'ombe nani atakunywa?"

Saady, dereva wa bodaboda anayebeba abiria wa Heru Juu, huingia akiwa hana kazi. "Mimi naona kichwa kimekatwa makusudi," anasema. "Ng'ombe akikosa kichwa, huwezi kujua ni wa nani. Huyo msanii ana akili, au ana kesi."

Mkulima mmoja kutoka Kagerankanda alizunguka chumba chote mikono ikiwa nyuma, akamwambia Vestina kwamba kuta ni imara. Wanafunzi wa chuo hupiga picha na kusema ni noma.

Maoni hayo hayamchoshi. Kinachomchosha kiko chumba cha nyuma.

Wakazi wengi wa milima hii, wakifika mlangoni na kuona jiko lililozimika mchana na vigoda vimepangwa, hawaoni sanaa. Wanaona msiba. Vestina anaeleza kwamba katika vijiji alikokulia, nyumba iliyofiwa haiwashi moto wake. Majirani ndio wanaokuja na kuni, unga na maharage, wakapika.

Kwa hiyo wageni hushusha sauti, huvua kofia, kisha humgeukia mwanamke aliyesimama pale.

"Poleni, mama."

"Asante. Lakini hapa hakuna msiba, ndugu yangu. Ni sanaa."

"Sawa, mama. Mungu awatie nguvu."

Wanawake wanaotoka sokoni hufungua vikapu na kuacha konzi ya maharage mlangoni. Wengine huacha kuni. Vestina hukimbia nyuma yao kuwarudishia, nao hukataa. Hawezi kupeleka nyumbani, kwa kuwa chakula cha msiba huliwa msibani. Hivyo ameyaweka maharage kwenye ndoo yenye mfuniko, na ndoo imejaa.

"Siku nzima napokea pole," anasema. "Jioni nikifika kwangu siwezi hata kuongea. Nimechoka kama mfiwa."

Mwenye jengo ni Haidari, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi ambaye duka lake limepakana na nyumba hiyo. Ameipa kamati hadi mwisho wa mwezi huu: vigoda viondoke, au watafute jengo lingine.

"Mama Akimana anajua sina ugomvi," anasema, akimwita Vestina kwa jina la binti yake. "Ng'ombe wa bluu abaki, hana tatizo na mtu. Lakini mteja wangu anakuja kununua bati, anaona watu wanatoka hapo wameshika tama. Bati atanunua? Matanga miezi mitatu! Hata marehemu mwenyewe angechoka."

Kamati ilimuuliza Vestina, kwa kuwa ndiye anayewasikia wageni. Hakusita. Aliwaambia viondoke. Ikakubaliwa kwamba Jumamosi hii vigoda vitapakiwa kwenye gari na kurudishwa Kibondo, kwa msanii.

Huko ndiko anakoishi Moses Manirambona, aliyevichonga. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, na ndugu zake sita wamehamishiwa nchi za mbali, kila mmoja na yake. Vigoda sita ni vya hao, na cha saba ni chake.

"Niliweka nyumba inayosubiri watu," anasema Moses. "Watu wa kwetu wakaona msiba. Mwezi wa kwanza nilikasirika, nikadhani hawajaelewa. Siku hizi sijui."

Vestina naye anajua kusubiri. Aliletwa Tanzania mwaka 1972 akiwa mgongoni kwa mama yake, wakikimbia kutoka Burundi. Alikulia kwenye mashamba ya muhogo, akapata uraia, akaolewa na Venanti, mtoto wa wakimbizi kama yeye.

Mwaka 1994, binti yao Akimana akiwa ananyonya, Venanti alivuka mpaka kwenda kutazama shamba la baba yake. Alisema atarudi kabla ya mvua.

Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari wala nguo yake. Majirani hawakujua waseme nini. Kumpa pole mke wa mtu ambaye huenda yu hai ni kumwombea mumewe kifo, hivyo walinyamaza. Vestina aliuza unga wa muhogo, akafua mashuka ya nyumba za wageni, akamsomesha mtoto. Matanga hayakukaliwa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi wiki iliyopita, alipoingia bibi mmoja aitwaye Maximilla, kutoka Munanila. Alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho, akatafuta kivuli. Alipita ng'ombe wa bluu bila kumtazama, akaenda chumba cha nyuma na kukaa kwenye kigoda.

Kukaa hakuruhusiwi. Vestina alimfuata ili amwinue. Kabla hajasema neno, bibi aliuliza kwa Kiha, "Nani amefariki?"

"Nilikuwa nimeshaeleza habari ya sanaa tangu asubuhi hadi koo limekauka," Vestina anakumbuka. "Nikafungua mdomo nieleze tena. Nikajisikia nasema, Venanti."

"Alikuwa nani kwako?"

"Mume wangu."

"Lini?"

"Sijui, bibi."

Maximilla hakushangaa. Alivuta kigoda cha pili. "Basi kaa, mwanangu. Mfiwa hasimami."

Vestina akakaa. Bibi aliuliza Venanti alikuwa mtu wa namna gani. Vestina alimwambia kwamba kanisani aliimba vibaya sana, tena kwa sauti kubwa, hadi mwalimu wa kwaya akamwomba awe anabeba ngoma tu. Walicheka wote wawili. Kisha Vestina akalia, na bibi akamwacha alie.

Wanafunzi watatu waliingia wakati huo. Wakasimama ukutani, wakanong'onezana kwamba leo kuna maigizo.

Alipokuwa anaondoka, Maximilla alifungua pindo la kanga, akaacha maharage aliyokuwa amenunua. "Mwihangane," alisema, neno la pole la huku. Kwa mara ya kwanza Vestina hakumkimbilia mtu kumrudishia.

"Sijui kama nilimdanganya," anasema sasa. "Nilichomwambia ni kweli. Ila sikumwambia kile chumba ni cha nini."

Siku iliyofuata alirudi kwa kamati. Hakuomba vigoda vibaki. Aliomba viondoke kama matanga yanavyoanuliwa, kwa moto, chakula na watu wa kukaa. Moses aliposikia kwa simu alikubali, na akasema atakuja mwenyewe na gari.

Haidari alimsikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa juu ya kaunta.

"Kumbe ni msiba wa kweli," alisema. "Ungesema mapema, Mama Akimana. Mimi jirani yako ningekuwa nimeshakuja kutoa pole." Moto ndani ya jengo aliukataa, kwa sababu ya dari. Ametoa ua wa nyuma ya duka lake, na mabati yaliyokuwa pale yameshahamishwa.

Aliyebaki ni Akimana. Ni mwalimu huko Kibondo, mwenye watoto wawili. Mama yake alimpigia kumwambia aje.

"Mama, tukianua matanga, maana yake baba amekufa," binti alisema.

"Na tusipoanua, mimi naendelea kungoja," Vestina alimjibu. "Nimechoka, mwanangu."

Akimana hakusema atakuja wala hatakuja. Hajapiga tena.

Mpango wa Vestina ni mfupi. Jumamosi asubuhi mafiga yatapelekwa uani. Atapika maharage yote ya kwenye ndoo, na ugali wa muhogo. Zuhra ameahidi kuleta sufuria kubwa, na Saady atamfuata bibi Maximilla Munanila. Vigoda sita vitakaliwa na watakaowahi. Kimoja atakiweka kando hadi basi la mwisho kutoka Kibondo liwe limeingia stendi.

"Atakayeniambia pole siku hiyo, nitaitikia asante," anasema. "Sitaongeza neno."

Nje wanafunzi wawili wanagonga mlango, wamekuja kumwona ng'ombe. Vestina anaweka ufagio nyuma ya mlango. Kabla ya kwenda kuwafungulia anachungulia chumba cha nyuma.

Kwa Moses alikuwa na ombi moja tu, naye amemkubalia.

"Majivu haya yataachwa kwangu," anasema. "Nitayazoa Jumapili, nikitoka kanisani."