Kifuniko cha Prosesa ya Shemeji

Mtaani walimwita Mama Baridi, kwa kuwa hakuna kompyuta iliyochemka ikamshinda. Asubuhi hiyo aliletewa ya shemeji yake, mchoraji wa ramani za nyumba, iliyokuwa ikifika nyuzijoto tisini na nane. Aling'oa feni na bamba lake la kupoozea prosesa, akaviweka kando bila kuvitazama.

"Shemeji, usinipumulie shingoni!" alifoka. "Mkono ukiteleza tu, prosesa imekwenda na maji."

Akabana pumzi, akapitisha wembe chini ya kifuniko cha chuma cha prosesa, akikata gundi kidogo kidogo ili abadilishe dawa iliyokauka ndani. Kifuniko kikalia "tak!" Shemeji akajishika kichwa. Lakini prosesa ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo.

Akapaka dawa mpya ya kupoozea, akarudisha kifuniko, kisha akainua feni. Akaganda. Chini ya bamba bado ilinata karatasi ya nailoni ya dukani, ile ya kubanduliwa kabla ya kufunga, la sivyo joto halipiti. Na feni hiyo aliifunga yeye mwenyewe mwaka jana.

Akaibandua, akaifumbata kiganjani.

Alipofunga feni kwa mkono mmoja na kuwasha kompyuta, joto likashuka hadi hamsini.

"Shemeji, mikono yako ni dhahabu! Hebu nikupe mkono."

"Mkono mchafu huu," alisema Mama Baridi, akizidi kukaza ngumi.