Futi ya Shangazi

Kila asubuhi, kabla hajawafungulia wateja mlango wa karakana, shangazi yangu alijizungushia futi kiunoni, akasoma, akaandika kwa chaki nyuma ya mlango: sentimita tisini na mbili. Kwa miaka ishirini jibu lilikuwa lilelile. Sisi wengine tulinenepa, tukakonda, tukazaa. Yeye alibaki tisini na mbili, kama aliyewekeana mkataba na Mungu.

Alikuwa fundi cherehani, ghorofani, ngazi kumi na nne kutoka mtaani. Wateja walimpenda, na si kwa mishono tu. Futi yake ya kitambaa ilikuwa imevutwa na makalio ya mji mzima mpaka ikarefuka, kwa hiyo kwake kila mwanamke alikuwa mwembamba. Na kwa kuwa alipimia mwili na kukatia nguo kwa futi hiyohiyo, gauni lilikaa vizuri. Uongo ulibaki kwenye namba, na namba hiyo mteja aliondoka nayo kifua mbele.

Alipofikisha miaka sitini na mbili, ngazi zikaanza kumshinda. Alipumzika kwenye ya saba, akimlaumu aliyezijenga. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, akasema siku atakayoshindwa kupanda mwenyewe karakana itafungwa, ahamie kwetu. Kwa mtu aliyejitegemea tangu ujana, huko kulikuwa kuzikwa mapema, tena kwenye chumba cha wageni.

Nikampeleka kliniki. Futi ya muuguzi ilisema tisini na nane. Shangazi akamwambia kwa upole wa mtaalamu kwamba futi yao imenywea, waache kuifua. Mizani ikamtetea: uzito uleule wa miaka kumi iliyopita. Akanitazama kama aliyeshinda kesi.

Ndipo daktari akamwomba ainuke kitini mara tano, mikono kifuani. Mara ya kwanza aliinuka. Ya pili aliishia katikati, akarudi chini taratibu, akajifanya anatafuta kiatu.

Daktari alieleza kwamba uzito haukubadilika, kilichobadilika ni kilichomo. Misuli ya mapaja imeisha, mafuta ya tumbo yamekalia nafasi yake. Misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari ya chakula. Ikipungua, sukari inazagaa kwenye damu, na mafuta yale nayo yanazidi kuidhoofisha.

“Kumbe gauni ni lilelile, nimebadilishiwa bitana ya ndani,” alisema shangazi, “na mteja mwenyewe sijaambiwa.”

Bitana alijibadilishia mwenyewe. Miaka mitatu nyuma, aliposikia sukari yake imeanza kupanda, aliacha mayai na maharage kwa kuwa yanashibisha mno. Akabaki na chai tamu na mkate. Mkate ni mwepesi, alisema, uinue mwenyewe uone.

Wiki iliyofuata baba alisimama chini ya ngazi na kumtazama shangazi akipanda. Alikwama kwenye ya kumi na moja. Akakaa hapohapo, akasema anapunga upepo. Jioni hiyo tulishusha cherehani.

Kwenye chumba chetu cha wageni nilimletea futi mpya, ya plastiki isiyovutika. Aliichunguza kama mtu aliyeletewa mke mwenza. Lakini kesho yake nilikuta chaki nyuma ya mlango, na kwa mara ya kwanza haikuwa namba ya kiuno. Alipima paja: arobaini na tatu. Mayai yakarudi mezani. Kiti cha chumbani kikalia kila asubuhi, akiinuka na kukaa, akikitukana. Arobaini na nne. Baba alicheka kwamba dada yake anajiandaa kwa mbio, na chini kwa chini akaanza kuitafutia cherehani yake mnunuzi.

Moyo wa shangazi haukuyasubiri mapaja. Ulisimama mchana mmoja, akiwa amekaa. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa mlangoni, natoka kwenda kazini, aliponiita.

“Arobaini na tano, mwanangu. Mwambie baba yako asiuze cherehani yangu.”