Jaribio Lililomfisha Mama Mkwe

Nichekeni tu. Programu ya chama chetu cha wakulima wa korosho ilikuwa ikijaribiwa na kompyuta mbili, moja Nachingwea, nyingine Ruangwa. Nikahamishia majaribio yote kwenye ya Nachingwea, yajiendeshe yenyewe kila tukibadilisha programu.

Ile ya Ruangwa haikuunganishwa na simu, ndiyo maana jaribio la kuwaarifu ndugu wa mwanachama aliyefariki nililiwekea jina la mama mkwe na namba za nduguze. Hii ya Nachingwea ilituma ujumbe kwelikweli.

Asubuhi mke wangu akanipigia analia: mama kafariki! Nikakimbiza pikipiki hadi kwa mama mkwe, Likunja, roho mkononi.

Mikeka imetandikwa, watu wamejaa. Mama mkwe kaketi katikati, simu mkononi.

“Karibu, mkwe. Ujumbe umetoka ofisini kwako. Mnanizika saa ngapi?”